Somo: Kufuga wadudu-kibibi kwa vidukari vya mtama

Habari za jioni wanabustani. Wengi mmeniuliza kabichi zangu hapa Igombe, Mwanza, kando ya ziwa, zinaponaje vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza majani, bila kupigwa dawa. Jibu liko nyuma ya nyumba, kwenye ndoo 6 za mtama.

Mdudu-kibibi ni yule wa mviringo, mwekundu au wa manjano, mwenye madoa meusi mgongoni. Chakula chake ni vidukari. Ukimfuga kwa vidukari vya kabichi unajitafutia balaa. Kidukari cha mtama na mahindi hakigusi kabichi wala nyanya, kwa hiyo mlishe hicho.

Hatua ya 1. Sia mtama kwa kubananisha kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Kila wiki sia ndoo mpya, maana ya zamani italiwa ikauke.

Hatua ya 2. Miche ikifika siku 10 hadi 14, nenda kwenye mahindi, fungua jani la katikati lililojikunja. Utaona vidukari vya kijani kibluu vyenye miguu myeusi, vimebanana kama abiria wa daladala. Kata kipande ukilaze juu ya mtama. Majike huzaa bila dume, basi hutasubiri sana. Majani yakianza kunata kwa majimaji matamu ya vidukari, sisimizi watafuata utamu huo na kuwafukuza wadudu-kibibi. Ndoo ziweke juu ya matofali, ndani ya beseni la maji ya sabuni.

Hatua ya 3. Funika. Mimi mara ya kwanza nilitumia chandarua cha zamani. Asubuhi ya pili nikawakuta wote chali. Chandarua kina dawa! Kinaua mbu, kitamwachaje mdudu-kibibi? Nunua shela mpya. Wavu wa dagaa nao hapana, matundu yake kwao ni mlango wazi.

Hatua ya 4. Kamata wazazi 15 au 20 kwenye kunde asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha. Tazama mgongo: mwindaji anang'aa kama kapakwa mafuta. Aliyefifia, mwenye vinyweleo na madoa mengi, ni mla majani ya maboga na mnavu. Huyo mponde.

Hatua ya 5. Mayai ni ya manjano, yamesimama wima kwa makundi chini ya jani. Kata jani siku hiyohiyo ulihamishie ndoo nyingine, kwani wazazi huyala. Kwa joto letu huanguliwa baada ya siku 3 hivi. Mtoto ni mweusi, kama kamamba kadogo. Wengi mnamuua mkidhani ni kiwavi mharibifu. Watoto wakikosa chakula wanalana wenyewe, hivyo tupia karatasi zilizokunjwakunjwa wajifiche.

Hatua ya 6. Achia watoto, jioni, kwenye mimea yenye vidukari. Wakubwa wana mabawa, utamnufaisha jirani.

MASWALI

Kaka, mahindi yangu yako hatua chache tu kutoka bustanini. Si nitayaletea vidukari?
Hapo umenikamata, mama. Ndiyo, vitahamia. Peleka ndoo upande wa pili wa nyumba, au subiri uvune kwanza.

Mkuu, nasikia Ulaya wanawalisha mayai ya nondo wa unga. Tuige?
Inawezekana. Mayai hugandishwa kwanza yasianguliwe. Ukikosea hapo umefuga adui wa ghala lako ndani ya nyumba. Mimi nabaki na mtama.

Vidukari vikiisha, maji ya sukari yanatosha?
Wakubwa watasogeza siku, ila usitegemee mayai.

Na wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi? Tunao bure, tena magunia!
Ha! Mdudu-kibibi huwinda kwa kutembea juu ya jani, hafukuzi kinachoruka. Hao waachie buibui, na waliokufa chini ya taa wafagilie kuku.