Kwa Nini Mzamiaji Mgeni Achukue Kozi ya Ngazi ya Pili Mapema, na Namna ya Kufaidika Nayo

Mzamiaji mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kushuka hadi mita 18, na mara nyingi mizamio yake ya mwanzo huko Mnemba (Zanzibar) au Watamu (Kenya) huwa ni ya kufuata mapezi ya kiongozi, bila kujua mashua iko upande gani wala hewa yake itatosha kwa dakika ngapi. Hatari ya hali hiyo hujitokeza siku kiongozi anapopotea machoni. Kozi ya ngazi ya pili inafaa kuchukuliwa mapema kwa sababu hiyo hasa: humfundisha mgeni kujiamulia mambo akiwa chini ya maji.

Katika mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, kozi hiyo ina mizamio mitano: wa kina na wa kutafuta njia ni ya lazima, na mitatu huchaguliwa. Si lazima uwe bingwa ili kuianza, ingawa ninashauri uwe umeshazamia mara nane au kumi na unaweza kutulia majini bila kupanda wala kushuka, la sivyo muda wa mwalimu utaishia katika kurekebisha mkanda wako wa uzito.

Kabla ya mzamio wa kina, keti na mwalimu mpige hesabu ya hewa kwa kalamu. Kila mita 10 za maji huongeza takriban angahewa moja ya shinikizo, hivyo kwenye mita 30 shinikizo huwa mara nne ya lile la juu, na kila pumzi hula hewa mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi ba 200 (ba ni kipimo cha shinikizo, karibu sawa na angahewa moja) una lita 2,400. Ukiweka akiba ya ba 50, zinabaki lita 1,800. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 80 huko chini, yaani dakika 22 tu, na muda wa kushuka na kupanda umo humo. Jedwali la PADI la muda wa juu wa kukaa kwenye kila kina nalo humpa dakika 20 kwenye kina hicho katika mzamio wa kwanza wa siku, ilhali kwenye mita 18 humpa 56. Naitrojeni pia huanza kulevya: wapo wanaochangamka kupita kiasi, na wapo wanaoitazama geji bila kuielewa. Dawa yake ni kupanda mita chache, na ni afadhali uujue ulevi huo mara ya kwanza mwalimu akiwa mbele yako.

Katika mzamio wa kutafuta njia, omba dira uishike mwenyewe, uhesabu mapigo ya miguu kwenda na kurudi.

Kwa mizamio ya hiari, chagua kwanza ule wa kudhibiti kuelea, kwa sababu matumbawe huvunjika kwa pezi moja tu. Kisha chagua wa mkondo, ambao kwa pwani hii ninauweka juu ya yote. Kando ya Pemba na kwenye Leven Bank, kaskazini mwa Unguja, maji hukimbia, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hukimbia zaidi kuliko wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hivyo mzamiaji huibuka mbali na alikoshushwa. Msimu wa Kusi nahodha hawezi kuona kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Anachoona ni boya la kujazwa hewa, ambalo mzamiaji hulipandisha juu kwa uzi. Jifunze kulipandisha ukiwa kwenye mita 5, mahali unaposimama dakika tatu kabla ya kuibuka, na ushike uzi mkononi bila kuufunga mwilini, kwa maana boya likinaswa na mashua litakuvuta juu ghafla.

Muulize mwalimu, kabla ya kulipa, kama atakuacha ulipandishe boya hilo wewe mwenyewe. Akijibu kwamba atakuonyesha tu, tafuta mwingine. Mzamio wa kwanza baada ya cheti upangeni wewe na mwenzako, kina, muda na akiba ya hewa, kisha mpeni kiongozi mpango huo aukague kabla mashua haijang'oa nanga.