Pampu ya gia: mafuta yanapita wapi?

Kila kijana anayeanza kazi karakanani kwangu hapa Mwandiga, Kigoma, namuuliza: kwenye pampu ya gia, ile yenye gia mbili zinazoumana ndani ya kasha, mafuta yanapita wapi? Karibu wote huonyesha katikati, meno yanapoumana. Sivyo. Nafungua mfuniko, namimina mawese kidogo, nazungusha shafti kwa mkono. Unayaona yale mekundu yamejaa vijibonde vya kati ya meno, yanabebwa pembeni yakiambaa ukuta wa kasha hadi ng'ambo. Huko jino linaingia kwenye kijibonde, mafuta yanakosa pa kukaa, yanatoka. Pale katikati ni kizuizi tu, yasirudi.

Ukilishika hilo hutakosea kufunga bomba. Meno yanakoachana ndiko inakovuta, yanakokutana ndiko inakosukuma. Mota ikigeuza mzunguko, pande nazo zinageuka.

Sasa jambo linaloniumiza roho. Pampu ya maji yenye pangaboi ukiifungia koki ya mbele, inazunguka bila kupeleka kitu. Ya gia haina subira hiyo: kila mzunguko inatoa kiasi kilekile, na njia ikizibwa presha inapanda mpaka kitu kipasuke. Mteja mmoja aliwasha alfajiri mawese yakiwa yameganda bombani. Sili, ile inayozuia mafuta yasivuje kwenye shafti, ilichomoka, shafti ikapinda. Kwa hiyo funga valvu ya kuachia presha kabla ya koki ya kwanza, bomba lake lirudi kwenye tangi. Na mawese yapashe moto kwanza, tangini na bombani. Mimi siwashi chini ya nyuzi 50.

Usiizungushe kavu, maana mafuta inayosukuma ndiyo yanayoilainisha. Waliotaka kuvutia maji ya ziwa niliwakatalia: maji ni mepesi, hayalainishi, na mchanga wake unachimba kasha. Nafasi kati ya ncha ya jino na ukuta ni nyembamba kama unywele. Weka chujio upande wa kuvuta, liwe pana ili pampu isikose mafuta.

Pampu za namna hii ndizo zinazosukuma oili kwenye injini nyingi, zinazoinua bodi la tipa, na zinazohamisha molasi, lami na rangi viwandani.

Ukiuziwa iliyotumika, fungua mfuniko upitishe ukucha ukutani, upande wa kuvuta, kwa sababu presha husukumia gia huko. Alama laini si tatizo. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, mrudishie mwenyewe, hata kama meno yanang'aa.