Kununua kwa Punguzo Chumba cha Hoteli ya Chicago Kabla ya Kujua Jina Lake

Priceline, tovuti ya kuuzia vyumba vya hoteli iliyoanza Marekani mwaka 1998, ndiyo iliyowazoesha wasafiri kutaja wenyewe bei wanayotaka kulipia chumba. Siku hizi tovuti hiyo, sawa na Hotwire, huuza vyumba vya bei nafuu huku jina la hoteli likifichwa mpaka ulipe; kabla ya hapo huonyeshwa eneo na idadi ya nyota, yaani daraja la hoteli.

Kabla ya kulipa, tafuta bei ya hoteli zinazotajwa jina wazi, za nyota zilezile katika eneo lilelile, kwa mfano mitaa ya katikati ya jiji ya River North au Loop, kisha ulinganishe jumla ya mwisho, kwa kuwa kodi ya hoteli mjini Chicago huzidi asilimia 15. Eneo la uwanja wa ndege wa O'Hare liko mbali na katikati ya jiji, hata kama bei yake inavutia. Kwa kawaida fedha hazirudishwi, wala aina ya kitanda haihakikishwi, hivyo familia yenye watoto heri inunue kwa njia ya kawaida.

Ukiandika tathmini baadaye, taja tarehe, eneo, nyota zilizotangazwa, bei uliyolipa, ada ulizotozwa mapokezi na chumba ulichopewa. Sifa tupu hazimsaidii mnunuzi anayejaribu kukisia jina la hoteli iliyofichwa.