Shamba la wawili: namna ya kupata hati ya kimila yenye majina ya mume na mke

Katika vijiji vya Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, mke huanza na kitalu cha tumbaku, akapalilia, akachuma majani, akayatunga kwenye miti, akakesha kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kisha akakaa wiki kadhaa akichambua madaraja. Siku ya soko jina linalosomwa ni la mume. Hati ya hakimiliki ya kimila, yaani karatasi inayothibitisha nani anamiliki shamba katika ardhi ya kijiji, ni nafasi ya kulinyoosha hilo mapema, watu wakiwa bado wanaelewana. Ikishafika talaka au msiba, kila mwenye shoka atadai pori alilisafisha yeye.

Kwanza mwulizeni mtendaji wa kijiji mambo mawili: je, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi umeshapita kwenye mkutano mkuu? Kama bado, msitoe hela ya kupimiwa. Pelekeni hoja mkutanoni kwanza.

Kisha kagueni majina. Yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA. Mama anayejulikana kijijini kote kwa jina la mwanawe wa kwanza asiandikwe hivyo, maana mbele ya baraza la ardhi huyo atakuwa mtu mwingine.

Kupima kufanyike shamba likiwa tupu, baada ya mavuno na kabla ya mvua. Majirani wa pande zote wawepo, na mke atembee mpaka mzima pamoja na wapimaji, asibaki jikoni kuwapikia. Penye mashaka pandeni minyaa siku hiyohiyo, kila mtu akiona. Ugomvi mwingi wa mipaka huzaliwa na jirani ambaye siku ya kupima alikuwa safarini.

Sasa fomu ya maombi, na hapa msiharakishe. Kuna njia mbili za kumiliki wawili. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja: mmoja akifariki, shamba lote linabaki kwa aliye hai. Ya pili ni umiliki wa hisa: kila mmoja ana fungu lake, na akifariki fungu hilo huenda kwa warithi wake. Mume akiwa na wake wawili au zaidi, njia ya hisa ndiyo salama, na kila mke atajwe kwa jina na fungu lake. Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni jina la mume peke yake, halafu “na familia”. Neno “familia” halina kitambulisho wala saini.

Mzee akisema majina mawili ni mambo ya kuiga Wazungu, aelezwe kwa heshima kwamba hata huko jambo hili halikuja lenyewe. Ufaransa, mwanamke aliyeolewa aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mumewe kwa sheria ya Julai 1965. Mke wa mkulima aliendelea kukamua ng’ombe na kuvuna huku makaratasi yakimhesabu kuwa hana kazi, hadi sheria ya kilimo ya Julai 1980 ilipomtambua kuwa naye ana mamlaka ya kuendesha shamba wanalolima pamoja. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Maombi huamuliwa na halmashauri ya kijiji ndani ya siku 90. Hati ikija, isomeni kwa sauti kabla ya kuweka saini au dole gumba. Kila mmiliki anatia alama yake chini ya kila ukurasa. Mwenyekiti na mtendaji nao wanasaini, kisha afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga muhuri na kuisajili. Ukurasa ukikosa alama ya mke, rudisheni papo hapo.

Hati haigusi hela ya mauzo. Akaunti inayopokea malipo kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni jambo la peke yake, hivyo nendeni benki mkaombe iwe ya wawili na isitolewe hela bila saini zote mbili.

Ukitokea mgogoro, anzeni baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mlalamikaji mwanamke aombe wajumbe wanawake wawepo siku ya kusikilizwa.

Hati ikae kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati, mbali na bani na mchwa, na ufunguo ujulikane ulipo kwa wote wawili.