Namna ya Kuchagua Kichujio Chembamba kwa Redio ya Ridhaa

Anayesikiliza Morse kwenye megahezi 7 kuanzia saa moja usiku, awe Sakina hapa Arusha au Majengo kule Moshi, analijua tatizo hili: stesheni dhaifu aliyoisubiri inasikika, lakini ubavuni mwake, umbali wa nusu kilohezi tu, ipo nyingine yenye nguvu inayoifunika. Redio nyingi zinazotufikia zikiwa zimeshatumika huwa na kichujio kimoja, yaani sehemu inayopitisha masafa fulani na kuzuia mengine, chenye upana wa kilohezi 2.4 hivi, ambacho kinatosha kwa SSB, yaani mazungumzo ya sauti, ila kwa Morse ni sawa na kufungua lango zima la zizi ili apite kuku mmoja. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua kichujio chembamba. Rai yangu naitoa mapema: wengi wetu tunakimbilia kichujio chembamba kupita mahitaji yetu, na tunasahau kuuliza kingo zake zikoje.

Kabla ya kutoa fedha, tambua kwanza ugonjwa unaoutibu. Tafuta stesheni dhaifu yenye jirani mwenye nguvu, kisha acha kufuata maneno na usikilize ukubwa wa sauti peke yake. Kama sauti ya yule dhaifu inazama kila jirani anapobonyeza ufunguo wake, na kuinuka tena anapoachia, hata pale ambapo mlio wa jirani mwenyewe husikii vizuri, basi ni ule mfumo wa redio unaojirekebishia ukubwa wa sauti ndio unaoongozwa na jirani badala ya stesheni unayoitaka. Hapo unahitaji kichujio kinachokaa kwenye masafa ya kati, yaani ile hatua ambayo ishara kutoka kwenye antena imekwisha kugeuzwa kuwa masafa yasiyobadilika, kabla haijawa sauti. Kichujio cha sauti kinachochomekwa kwenye tundu la spika hakitakusaidia, kwa sababu kinafanya kazi baada ya madhara kutokea: kitamwondoa jirani masikioni mwako, lakini yule dhaifu ataendelea kuzama na kuibuka.

Kama ukubwa wa sauti hautikisiki, na kinachokusumbua ni milio miwili kusikika kwa pamoja, kichujio cha sauti kinaweza kukutosha, na ni rahisi zaidi. Unaweza hata kujaribu bila gharama yoyote: rekodi dakika chache kwa kompyuta, kisha tumia programu ya bure kama Audacity kubakiza sehemu ya hezi 500 tu kuzunguka mlio unaoutaka. Ukiona maneno yanasomeka, umeshapata jibu.

Ugonjwa wa tatu ni radi, nao ndio unaowapotosha wengi katika ukanda wetu. Wakati wa masika, mngurumo wa radi za mbali hujaa kwenye bendi za chini, na mtu hudhani kwamba kichujio chembamba kitaukata. Hakiukati. Mpasuko wa radi ni mfupi sana na umetanda kwenye masafa yote kwa wakati mmoja, na ukipita kwenye kichujio chembamba unarefushwa na kulia, mithili ya glasi iliyogongwa kwa kijiko. Ukiwa na upana wa hezi 250, usiku wa radi nyingi, kila mpasuko unaacha mkia unaofanana na nukta ya Morse, na baada ya nusu saa kichwa kinachoka. Mimi usiku wa namna hiyo hurudi kwenye upana mkubwa zaidi, napunguza nguvu ya mapokezi, na sikio linafanya kazi iliyobaki.

Tuje kwenye upana wenyewe. Makelele ya kawaida ya bendi yanayoingia redioni hulingana na upana wa mlango. Ukitoka kilohezi 2.4 hadi hezi 500, unapunguza makelele hayo kwa karibu desibeli 7 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), tofauti ambayo sikio linaitambua mara moja. Ukitoka 500 hadi 250, unapata desibeli 3 tu za ziada, na unazilipia kwa namna kadhaa: mlio wa mkia niliousema, ugumu wa kuwakuta wanaokuitikia wakiwa wamekosea masafa kidogo, na ulazima wa redio kutulia. Redio ya zamani iliyowashwa alfajiri ya Julai, wakati baridi ya Arusha inapouma, huhama hezi nyingi kabla haijapata joto lake, na kichujio cha 250 kitaipoteza stesheni ukiwa ungali unaandika jina la mwenzako. Ndiyo maana kwa mtu mwenye nafasi ya kichujio kimoja nashauri hezi 500 bila kusita. Hicho cha 250 au 300 kiwe cha pili, kwa yule anayeshiriki mashindano au anayewinda stesheni za nadra katikati ya msongamano.

Namba ya upana peke yake haitoshi, na hapa naomba msomaji awe na subira. Upana unaoandikwa kwenye kichujio hupimwa pale ambapo ishara imeshuka kwa desibeli 6. Swali kubwa ni upana huo unakuwa kiasi gani pale ishara iliposhuka kwa desibeli 60. Chukua vichujio viwili, vyote vimeandikwa 500. Cha kwanza kina upana wa kilohezi 1 kwenye desibeli 60, cha pili kina kilohezi 2.5. Jirani aliye hezi 700 kutoka katikati yupo nje kabisa ya kile cha kwanza, kwa kuwa ukuta wake unaishia hezi 500 kila upande. Lakini kwenye cha pili bado yupo juu ya mteremko, na akiwa na nguvu atakufikia. Kwa hiyo gawanya upana wa desibeli 60 kwa upana wa desibeli 6: jibu likikaribia 2, hicho ni kichujio kizuri; likifika 4 au 5, fikiri tena. Muuzaji asiyeweza kukupa namba zote mbili hajakupa maelezo ya bidhaa yake.

Kisha hakikisha kichujio ni cha redio yako. Yaesu FT-817 na Icom IC-718, zote mbili zina nafasi moja ya kichujio cha ziada, na zote hukiweka kwenye masafa ya kati ya kilohezi 455, lakini vichujio vyake havibadilishani kwa sababu umbo na miguu ni tofauti. Kwa FT-817 tafuta YF-122C cha hezi 500 au YF-122CN cha hezi 300. Kwa IC-718 tafuta FL-52A cha 500 au FL-53A cha 250. Niliwahi kuagiza kwa mtu wa nje kichujio kilichoandikwa 500 kama nilivyotaka, na kilipofika nikakuta ni cha megahezi 8.83. Kwenye redio ya kilohezi 455 kitu hicho hakipitishi chochote. Nilikaa jioni nzima nikitafuta kosa kwenye solda yangu, kabla sijageuza boksi lake na kusoma namba ndogo ya pembeni. Redio mpya kama IC-7300 hazihitaji ununuzi huu kabisa, kwani upana wake hupangwa na programu iliyomo ndani.

Anayependa kujitengenezea anaweza kutumia kristali za megahezi 4.433619 zilizomo kwenye bodi za televisheni za rangi za mfumo wa PAL, ambazo mafundi wetu wanazo kwa wingi kwenye maboksi ya takataka. Omba kumi au ishirini, zipime moja moja, na uchague zile zinazotofautiana kwa chini ya hezi 50 kama unalenga upana wa 500. Kadiri unavyoongeza ukubwa wa kapasita zinazoziunganisha, ndivyo kichujio kinavyokuwa chembamba.

Kwa sauti ya SSB, kichujio cha kilohezi 1.8 husaidia bendi ikiwa imejaa, ila herufi S na F zinapotajwa kwa Kiingereza huanza kufanana, na alama ya wito ya mtu, yaani herufi na namba zinazomtambulisha hewani, ni rahisi kuikosea. Kwa FT8, yaani mawasiliano ya kidijitali yanayosomwa na kompyuta, usifunge kichujio chembamba: kila stesheni huchukua hezi 50 hivi, na programu inataka kuona dirisha zima la karibu kilohezi 3.

Ukishakifunga, kitambulishe kwenye menyu kama redio yako inataka hivyo, na hakikisha mlio unaousikiliza, iwe hezi 600 au 700, ndio uliowekwa kuwa katikati ya kichujio. Halafu nenda megahezi 14.100, ambako minara 18 ya kimataifa ya kupimia hupokezana, kila mmoja sekunde 10, kwa mzunguko wa dakika 3. Kila mnara hutuma alama yake ya wito kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, wa nne kwa 0.1. Chagua mnara mmoja unaousikia kwa wastani na uhesabu mistari kwa kichujio kipana. Subiri dakika 3, badilisha kwenda chembamba, uhesabu tena. Rudia hivyo mizunguko mitano au sita, kwa kuwa hali ya anga hubadilika, na uandike kila hesabu kwenye daftari. Mstari ambao kwa kichujio kipana ulikuwa unahisiwa tu ndani ya makelele, kwa kichujio cha hezi 500 unapaswa kusimama wazi.