Kikao cha mwezi: jinsi ya kuikagua na kuirekebisha nyumba ya wageni Lamu

Mwongozo huu nauandikia mameneja wenzangu wa nyumba za wageni, Mkomani hadi Shela, ingawa mwenye duka au boti za kukodisha naye atapata lake. Naamini biashara nyingi za hapa haziangushwi na uchache wa wageni. Zinaangushwa na kutokaguliwa, mpaka mwisho wa mwezi mmoja mishahara inakosekana na hakuna anayejua pesa zimepitia wapi. Dawa yake ni kikao cha kila mwezi, meneja na wafanyakazi wake wakiikagua biashara pamoja.

Hatua ya 1: Weka siku isiyohama

Chagua siku moja baada ya tarehe 5, bili zikiwa zimefika na mishahara imelipwa. Isiwe Ijumaa. Saa mbili zinatosha. Usingoje mwezi uwe mbaya ndipo uite kikao, kwa sababu mwezi mzuri nao una mambo ya kukufundisha, na wafanyakazi wakizoea kuitwa wakati wa shida tu, watakuja wamejikunyata.

Hatua ya 2: Safisha daftari kwanza

Linganisha daftari la vyumba na taarifa za M-Pesa na benki. Pesa anazochukua mwenye nyumba kwenye droo ziandikwe kwa jina lake, hata zikiwa nauli ya boti ya Mokowe. Zisipoandikwa, utatafuta hasara jikoni nayo haiko jikoni.

Hatua ya 3: Piga hesabu, usitazame vyumba vilivyojaa tu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua nyumba ya vyumba 10 katika mwezi wa siku 30: una usiku 300 za kuuza. Ukiuza 165, umejaza asilimia 55. Kama kila usiku ulilipiwa wastani wa shilingi 4,500, umeingiza 742,500.

Sasa tuseme mwezi mwingine umepunguza bei hadi 3,700 na ukauza usiku 195. Nyumba imechangamka, asilimia 65, kila mtu anakupongeza. Lakini mapato ni 721,500. Na kila usiku unaouzwa una gharama zake: chai ya asubuhi, dobi, maji, sabuni, stima ya feni. Tukizikadiria shilingi 700, mwezi wa kwanza umebaki na 627,000 na wa pili 585,000. Watu wako wamefua mashuka mengi zaidi ili upate shilingi 42,000 pungufu, na hapo hujalipa mishahara wala kamisheni ya tovuti zinazokuletea wageni. Bei kuipunguza si kosa, ila ipunguze ukiwa na hesabu hii mkononi.

Hatua ya 4: Linganisha mwezi na mwenzake

Agosti usiilinganishe na Juni. Masika na kusi vikishika, bahari inachafuka na wageni wa kutoka nje hupungua. Kaskazi ikiingia, mwisho wa mwaka, mambo hugeuka. Kwa hiyo linganisha Agosti hii na Agosti ya mwaka jana.

Lakini hata hapo pana mtego, na programu za hesabu hazikuonyi. Ramadhani na Maulidi hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Wageni wa Maulidi ya Riyadha wanaweza kuangukia mwezi mmoja mwaka huu na mwingine baada ya miaka michache. Kando ya kila mwezi wa Kizungu andika mwezi wa Kiislamu uliouangukia. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ulinganishe na Mfunguo Sita uliopita, na siku za mfungo zisome peke yake.

Hatua ya 5: Waache wafanyakazi waanze

Meneja akisema kwanza, wengine wote wataitikia. Anza na aliye mdogo kicheo: anayesafisha vyumba anajua bomba gani linavuja na mgeni gani ameondoka na kinyongo. Halafu mpishi, kisha mapokezi, wewe mwisho.

Likitajwa tatizo, uliza "kwa nini" mara kadhaa, namna kiwanda cha Toyota kilivyolizoesha jambo hili duniani. Chai imechelewa: kwa nini? Mkate umechelewa. Kwa nini? Umeagizwa asubuhi ileile. Kwa nini? Pesa za sokoni anazo meneja, na meneja hufika saa mbili. Basi dawa si kumkaripia mpishi, bali kumwachia pesa jioni.

Hatua ya 6: Badilisha jambo moja

Moja tu, wakati mwingine mawili. Liandike pamoja na jina la mwenye kulishughulikia, tarehe, na kitu kitakachoonyesha kama limefaa. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani ubora wa viwanda kuanzia 1950, alisisitiza mzunguko huu: panga, jaribu, kagua, rekebisha. Kwa mfano wa mkate: Amina wa jikoni (jina la mfano) apewe pesa kila jioni, na kila asubuhi iandikwe saa chai ilipofika mezani. Kikao kijacho kifunguliwe kwa karatasi hiyo, kabla ya jambo lolote jipya.

Hatua ya 7: Mei, kagua mwaka mzima

Wageni wakiwa wachache, pitia vikao vyote, ukague na jengo: chokaa, boriti, paa la makuti, tangi la maji. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukitaka kugusa ukuta wa nje au kuongeza ghorofa, ulizia idhini mapema na uiweke katika ratiba. Bei za Agosti na Desemba zipangwe hapohapo, kabla wageni hawajaanza kuuliza.