Kabla hujafunga bodi ya rilei kwenye pedali ya gitaa

Swichi ya mguu yenye pini tisa ikianza kukwaruza na kukata sauti, mafundi wengi sasa hawarudishi nyingine kama hiyo. Wanafunga bodi ndogo ya saketi yenye rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme: mguu unabonyeza swichi laini, chipu inapokea amri, na rilei ndiyo inayohamisha sauti kutoka baipasi (njia ya gitaa kupita bila kuguswa na pedali) kwenda kwenye pedali. Kazi si ngumu, ila usiwashe chuma cha kuchomea kabla hujapitia haya.

Piga picha waya zilivyo sasa, na usiniambie utakumbuka.

Nunua swichi ya kubonyeza na kuachia. Ile inayonasa inapokanyagwa, kwa bodi nyingi itakufanya ukanyage mara mbili ndipo kitu kitokee.

Pima nafasi kwanza. Weka bodi ndani ya kasha, funga kifuniko, uone kama kinakaa. Kasha ni alumini tupu, kwa hiyo chini ya bodi tanguliza plastiki ngumu, la sivyo ncha za risasi ya kuchomea zitagusa chuma.

Adapta: pedali nyingi ni volti 9, hasi katikati. Usichomeke ya kinanda kwa sababu tu plagi imeingia, maana nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Soma kile kimchoro cha duara kwenye lebo. Na kama pedali ni fazi (ya kukwaruzisha sauti) ya zamani yenye transista za jemaniamu aina ya PNP, simama kwanza. Nyingi kati ya hizo zimeunga chanya kwenye kasha, wakati bodi ya rilei inataka hasi ikae hapo. Ukilisha pedali na bodi kwa adapta moja umepiga shoti.

Sasa njoo kwenye rilei yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna inayoshikwa na umeme muda wote pedali ikiwa imewashwa, umeme ukikatika inajirudia yenyewe kwenye baipasi. Na kuna inayohitaji mshtuko mdogo tu wa umeme, kisha inabaki ilipo mpaka upige mwingine. Ya pili inaonekana ya kijanja kwa sababu haili betri. Mpiga solo mmoja hapa mjini alifungiwa hiyo, kwa kuwa hakutaka mambo ya adapta jukwaani. Harusini, sebene limechanganya, betri ikaanza kuisha: sauti ikakwaruza, ikafifia, ikazima. Akakanyaga swichi. Hakuna kitu, na taa haiwaki. Akakanyaga tena kwa hasira. Akabadilisha waya, akageukia amplifaya, akazungusha kila kitufe, huku mpiga rithimu akilibeba sebene peke yake na bibi harusi akiendelea kucheza. Rilei ilikuwa imebaki upande wa pedali iliyokufa, na chipu haikuwa na umeme wa kuirudisha. Swichi ya zamani ingemwokoa kwa kanyago moja, kwa sababu yenyewe haihitaji umeme ili ihame. Mwishowe mpiga besi ndiye aliyechomoa waya kwenye pedali na kuupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya.

Kwa hiyo soma maandishi mgongoni mwa rilei. TQ2-5V ya Panasonic ni ile inayojirudia; ukiona TQ2-L-5V au TQ2-L2-5V, hiyo L ndiyo inayobaki ilipo. Ya kujirudia inakula kama miliampea 28 inapokuwa imewashwa, na betri ya volti 9 kwa mwendo huo haimalizi hata siku nzima. Sahau betri, tumia adapta. Ukimaliza, washa pedali, chomoa umeme huku unapiga nyuzi: gitaa lazima liendelee kusikika.

Weka resista ya megaomu 1 kutoka ingizo la pedali kwenda graundi, na nyingine kwenye tokeo, ili isipige "pwaa!" ukikanyaga. Hakikisha dayodi ya koili, ile inayoilinda chipu rilei inapoachia, ipo kwenye bodi na imeelekea sawa. Bodi nyingi zina resista ya taa ya LED tayari hapo, angalia usiiwekee taa mbili ukabaki kulalamika kwamba haiwaki vizuri. Kisha ijaribu kwa sauti kubwa, pamoja na pedali nyingine kwenye adapta ileile, na kazi hii usiifanye mkesha wa shoo. Adapta ya akiba nayo beba, na waya wa ziada pia.